Clifford na Kerezo la Baba Mkwe

Clifford Ogden alistaafu kwenye ofisi ya bima akiwa na afya njema, suruali za kijivu za kumtosha mpaka kaburini, na imani kwamba hakuna kazi ya mikono inayomshinda mtu anayejua kusoma maelekezo. Katika mji wote wa Keighley ni mtu mmoja tu aliyewahi kuitilia shaka imani hiyo hadharani: baba mkwe wake, marehemu Amos, fundi mitambo wa kiwanda cha sufu. Siku ya harusi, mbele ya wageni na keki, alisema mikono ya bwana harusi inafaa kubandika stempu tu.

Amos alipokufa aliacha kerezo dogo la mezani, mashine ya kuzungusha chuma na kukichonga kwa kisu, alilokerezea vyuma vya kujifurahisha, kama vile injini za mvuke za ukubwa wa birika. Lilikaa chini ya gunia mpaka kutu ikaligandisha. Mavis, binti yake wa pekee, hakutaka kusikia habari ya kuliuza. Clifford akaona hapo ndipo pa kumjibu marehemu. Atalifufua, na siku moja Mavis atasimama mlangoni pa kibanda cha bustanini aseme mumewe ni fundi. Hilo tu. Alikuwa ameishi na mwanamke yule maisha yote bila kulisikia neno hilo, na lilimuuma kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Basi kazi ikaanza. Alilifungua kerezo nati moja moja, akazitia kwenye makopo ya jamu. Akalowesha vyuma kwenye mafuta ya taa, akanunua mkanda mpya, akapaka rangi ya kijani, ikakauka, akapaka tena. Majirani waliuliza kama anatengeneza mashine au anaipeleka harusini.

Kisha akafika kwenye reli. Hizo ndizo uti wa mgongo wa kerezo, vyuma viwili bapa ambavyo kisu huteleza juu yake. Reli za Amos zilijaa vidoa kama magamba ya samaki, toka mwanzo hadi mwisho. Clifford alizitazama kwa huruma. Maskini mzee, kumbe hata usafi ulimshinda! Akachukua msasa wa umeme, akasugua mpaka zikawa kama kioo cha kunyolea ndevu. Hakumwuliza mtu. Kuuliza aliwaachia wasiojua.

Alhamisi akalipeleka kerezo kwenye ukumbi wa kanisa, wanakokutana wazee wa chama cha wakerezaji. Mkubwa wao alikuwa Seth Barraclough, aliyefundishwa kazi na Amos mwenyewe.

"Haya kijana, tumwone mgonjwa wako," alisema Seth.

Kijana, mwenye miaka sitini na sita, akavuta shuka alilolifunikia kerezo kama anayezindua sanamu. Seth akapitisha kidole juu ya reli. Akarudia.

"Inang'aa," alisema.

"Ahsante sana!" alijibu Clifford, maana humo ukumbini ni yeye peke yake aliyedhani amesifiwa.

"Hebu kereza kitu."

Clifford akakereza kifimbo cha shaba. Seth akakipima huku, akakipima kule.

"Karoti hiyo. Huku nene, huku nyembamba."

Wazee wakacheka mpaka chai ikawamwagikia.

"Ni mkanda tu, haujakaza," alisema Clifford.

"Mkanda unakukosea nini, bwana wee? Reli umezila kwa msasa! Vile vidoa vilikuwa alama za mkono wa Amos. Alikuwa anapaka rangi ya buluu aone palipoinuka, anapakwangua, anapaka tena, anakwangua tena. Msimu mzima wa baridi mzee yuko hapo tu. Ndivyo alivyozinyoosha."

Wazee wakaweka vikombe chini.

Njia nzima ya kurudi nyumbani Clifford alikuwa akitunga uongo wa kumwambia Mavis, na hata kwa kipimo cha mtu wa bima uongo huo ulikuwa mzuri. Mavis alimfuata kibandani akiwa bado na povu la kuoshea vyombo mikononi. Akafunua shuka mwenyewe, uso ukamchangamka.

"Ee, Clifford! Kumbe nimeolewa na fundi!"

Neno lenyewe hilo, na kibanda kile kile. Kabla Clifford hajalifurahia, mkono wa Mavis ulikuwa umeshashuka kwenye reli, ukienda na kurudi, ukitafuta.

"Vidoa viko wapi?"

"Vidoa gani?"

"Vya baba. Mimi ndiye nilikuwa nampakia ile buluu, Jumapili, mama anadhani tunasoma Biblia. Napaka kwa kidole, yeye anakwangua. Umevipeleka wapi?"

Uongo wote wa njiani ukamtoka kichwani.

"Nimevisafisha," alisema. "Nilidhani ni uchafu."

Mavis alikausha mikono kwenye aproni, akalifunika kerezo, akalinyoosha shuka pembe kwa pembe.

"Basi," alisema, "sasa si la baba tena, ni lako."