Tahira na Mlango wa Nyuma

Wiki ile sindano ya cherehani ya Tahira ilivunjika mara tatu, na fundi yeyote atakwambia sindano haivunjiki bure. Huvunjika miguu inapokanyaga mashine huku akili imeshatoka nje. Nasoro, muuza mananasi aliyepakana naye pale sokoni Rumonge, akamtania kwamba mama wa miaka sitini na moja kapata mchumba. Tahira akamwambia ayapeleke mananasi yake Nyanza-Lac, huenda huko yakapata wa kuyachekea. Kisha akainuka, akaenda mpaka barabarani, akatazama upande wa Bujumbura, akarudi akakaa, akainuka tena.

Aliyemkosesha utulivu alikuwa Ba. Ndivyo Wagujarati wanavyomwita bibi, na huyu alikuwa bibi yake Dhriti, mtoto wa miaka tisa wa Jayesh na Komal, wale Wahindi wenye kiwanda kidogo cha sabuni ya mawese kwenye njia ya Gatete. Jayesh na mkewe walikuja kutoka Rajkot, lakini Dhriti kazaliwa hapa hapa Rumonge. Kirundi anacho, Kifaransa cha daftari anacho, na Kiswahili anakimwaga kama mtoto wa mvuvi. Kigujarati anakielewa vizuri sana, ila ukimsemesha kwacho anakujibu Kiswahili. Ba aliyaona hayo kwenye simu, mara moja, mara mbili, akakata shauri. Anakuja kujionea mwenyewe, na akimkuta mjukuu kapotea, ataondoka naye akasome Rajkot na kukaa kwake mpaka awe mtu mzima. Jayesh hakuwahi kumbishia mama yake tangu azaliwe, na hakuna aliyetegemea aanze sasa.

Komal alikuja sokoni na kitambaa mkononi, akijifanya ana nguo ya kushona.

"Mama Tahira, ninakuomba. Unisaidie huyu mutoto. Imebaki wiki mbili."

"Na wewe mama yake iko wapi?"

"Mimi nikimufundisha anakimbia. Wewe anakusikiliza. Na ile mambo yetu ya zamani wewe unaijua kuliko mimi."

Hilo lilikuwa kweli, na ukweli wake una kisa. Mama yake Tahira, Latifa, alikuwa Mswahili wa Rumonge, muuza mawese. Baba yake alikuwa Karmali, Khoja mwenye duka la vitambaa, aliyekuwa na mke wake wa ndoa aliyetoka naye ng'ambo. Karmali hakumkana mtoto, lakini hakumfikisha sebuleni. Tahira aliingia nyumba ile kwa mlango wa nyuma, siku ambazo hakuna wageni, na aliyemfungulia alikuwa mama wa Karmali, kikongwe ambaye Tahira alimwita Dadima, yaani bibi mzaa baba. Huyo ndiye aliyemfundisha Kigujarati, na kusukuma mikate myembamba yenye majani ya uwatu, na garba, ule mchezo wa kuzunguka taa kwa makofi na wimbo. Jikoni humo humo, kati ya jiko na ndoo, wawili hao walizunguka kibatari mpaka jasho likawatoka.

Alipokuwa na miaka minane, asubuhi moja alikwenda akakuta mlango wa nyuma umefungwa. Aligonga. Alikaa kizingitini mpaka jua likamhamisha. Mwaka huo watu wengi waliondoka Rumonge, kila mtu na sababu yake, na nyumba ya Karmali iliondoka yote bila kumuaga mtu wa jikoni. Ndiyo maana Kigujarati chake mpaka leo ni cha mtoto wa miaka minane: anajua kuomba maji, kuhesabu, kuimba na kulia.

Basi akakubali. Kila siku baada ya shule, ekole kama wanavyoiita hapa, Dhriti alifika nyumbani kwa Tahira, mtaa wa Waswahili, na kazi ikaanza. Sala Tahira hakuigusa. Yeye ni Mwislamu, wao wana miungu yao na taa zao, na mambo ya mbinguni aliwaachia wenyewe. Alifundisha mikate, wimbo, na jinsi ya kuinama ukagusa miguu ya mkubwa kisha ukaupeleka mkono kichwani. Mtoto aligoma siku mbili. Siku ya tatu alisikia kwamba Tahira alijifunza hayo jikoni, kwa siri, na mtoto ukimpa siri umempata. Akaanza kuuliza jina la kila kitu.

"Bibi," alisema siku moja, unga mpaka kwenye nyusi, "ku ekole wananiita Muhindi. Mama akinikasirikia anasema nimekuwa Murundi. Sasa mimi niko nani?"

Tahira alilijua swali hilo. Alikuwa nalo kwa zaidi ya miaka hamsini na hakupata wa kumuuliza.

"Wewe iko wa kwenu," alisema. "Na kwenu iko kwingi."

Jibu hilo lingependeza kwenye kanga. Mtoto alimtazama kama mtu aliyepewa chenji pungufu, akaendelea kusukuma mkate.

Lakini palikuwa na jambo jingine, na hilo ndilo lililovunja sindano. Kwao Jayesh hawali nyama, hawali samaki, hata yai halipiti mlangoni. Na kwa Waswahili wa Rumonge, kula huku mtoto wa mtu anakutazama ni aibu isiyofutika. Miaka miwili nyuma Dhriti, aliyetumwa kuleta nguo ya kushona, alimkuta Tahira na sahani ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga na nyanya, akasimama akitazama. Tahira akammegea. Alimmegea kabla hajafikiri, na alipofikiri mtoto alikuwa anaramba vidole. Tangu siku hiyo ikawa desturi yao: ndagala, kisha nusu ya ndimu, mikono isuguliwe mpaka harufu iishe, ndipo mtoto aende kwao.

"Na Ba akiniuliza?" Dhriti alisema.

"Hatakuuliza. Akiuliza juu ya ndimu, useme mulikuwa munatengeneza achari."

"Nidanganye?"

"Ufiche tu."

Mtoto akanusa vidole vyake. "Na wewe? Wewe pia nikufiche?"

Kwa maana Komal alikuwa ameshaleta ombi la pili, macho chini, akipindapinda ncha ya mtandio. Siku ya mgeni, Mama Tahira akae jikoni. Aingie kwa nyuma, asaidie mikate, lakini asitokee. Ba akijua kwamba mjukuu kafundishwa Uhindi na mwanamke wa soko, atasema mama mtu kashindwa kazi. Tahira alijibu kwamba hakuna neno, atakaa. Alilisema haraka, kama mtu aliyelizoea, na baadaye akalijutia siku nzima. Alikwenda mwaloni, ufukweni kwa wavuvi, akatazama wanawake wakigeuza ndagala juani, akarudi bila kununua. Alifua kanga iliyokuwa safi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na yeye alikuwa anamlea huyu kuwa mtu wa jikoni. Alijikasirikia, kisha akamkasirikia Komal, kisha Karmali aliyekufa zamani, na hakuna hasira iliyompa nafuu.

Siku ikafika. Asubuhi Dhriti alipita kwake akisema anaogopa, na Tahira, asiyejua dawa nyingine ya hofu, akampa ndagala. Ndimu ilifuata, nzima safari hii.

Ba aliteremka garini akiwa amejifunga pua kwa ncha ya sari. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye macho yasiyopitwa. Tangu Gitaza huko njiani, alisema, samaki wameanikwa pande zote za barabara mpaka akadhani nchi hii imeezekwa kwa samaki. Tahira alisikia yote kutoka jikoni, mlango ukiwa wazi kiasi cha kidole.

Dhriti akainama, akagusa miguu, akapeleka mkono kichwani. Ba akashusha sari puani. Kisha mtoto akaimba na kuzunguka taa iliyowekwa juu ya kigoda, makofi matatu na hatua, makofi matatu na hatua, na Kigujarati kikamtoka safi. Tahira huko jikoni alikuwa anapiga makofi bila sauti, viganja havigusani.

"Huo wimbo nani kakufundisha?" Ba akauliza kwa Kigujarati. "Huko kwetu watoto wanacheza kwa spika. Huo mimi niliusikia kwa bibi yangu."

"Nimemfundisha mimi, mama," akasema Komal.

Tahira alishika ukingo wa meza. Alikuwa amekubali mwenyewe, hakuna aliyemshurutisha. Hata hivyo iliuma pale pale pa zamani.

Ba alicheka kwa furaha, akamvuta mjukuu, akaishika mikono yake miwili na kuibusu. Kisha akaacha kubusu. Akainusa.

"Mbona mikono inanuka ndimu?"

"Tulikuwa tunatengeneza achari," Komal akasema upesi.

"Nimemuuliza mtoto." Sauti ya Ba ilikuwa imebadilika. "Mimi nimezaliwa Porbandar, nyumba ya tatu kutoka kwa wavuvi. Ndimu najua inaficha nini. Dhriti, hii ni ya nini?"

"Ni ya..." mtoto akaanza, na sauti ikakatika. Tahira alimwona kwenye upenyo wa mlango: hakuwa akimtazama Ba wala mama yake. Alikuwa anautazama mlango wa jikoni, akingoja kuambiwa aseme nini.

Hapo Tahira hakuweza tena. Akausukuma mlango akatoka, unga mikononi, kanga imemteleza begani. Komal alimtolea macho yaliyosema rudi, rudi. Hakurudi.

Alisema kwa Kigujarati, kile alichonacho, maneno ya mtoto wa miaka minane yakitoka kinywani mwa mwanamke mwenye mvi. "Ba, samaki nimempa mimi. Alikuwa na njaa na mimi nilikuwa ninakula. Miaka miwili nampa. Wimbo pia ni mimi. Na nimemwambia afiche, nikamwambia anifiche na mimi. Kwa samaki ninaomba msamaha kwako. Kwa kuficha ninaomba msamaha kwake."

Komal alikuwa amefunika uso kwa viganja. Jayesh alikuwa anahesabu vigae vya sakafu. Ba alimtazama Tahira kuanzia unga wa mikononi mpaka kandambili, akainuka, akaingia chumbani, na mlango ukafungwa.

Tahira aliondoka kwa kupitia nyuma. Njiani alimpita Nasoro asimwone, akaitwa asisikie. Mficha maradhi kifo humuumbua, aliwaza, lakini yeye hakuumbuka peke yake. Kamuumbua mama wa watu na kumpoteza mtoto. Jioni alikunja vitambaa alivyokwisha kunja. Alivihesabu vifungo vya kopo zima, akavirudisha.

Asubuhi alikwenda. Hakwenda na hoja yoyote. Alitaka kumwomba Komal radhi, na kama tiketi ya mtoto imekatwa, amuage. Kuaga tu. Alizunguka nyumba kama kawaida, akapita banda la kuni na mapipa matupu ya mawese, akashika kitasa cha mlango wa nyuma.

Umefungwa.

Aligonga. Akagonga tena, kwa ncha za vidole, jinsi alivyogonga siku ile nyingine. Hakuna aliyefungua. Akakaa kizingitini, mwanamke wa miaka sitini na moja, akalia kwa sauti bila kujali nani anasikia. Kisha akajifuta kwa kanga, akasimama kwenda zake.

"Bibi! Unafanya nini kule?" Dhriti alikuwa amejitokeza kwenye kona ya nyumba, mguu mmoja na kiatu, mwingine bila. "Ba iko anakungojea tangu mapema! Kule nyuma amefunga yeye mwenyewe, na ufunguo ameuweka mu sari."

Barazani, mbele kabisa ya nyumba, mahali ambapo wapita njia wote wa Gatete wanaona, Ba alikuwa amekaa mkekani na sinia la unga. Hakuinua kichwa.

"Tiketi yangu ni ya mtu mmoja," alisema kwa Kigujarati. "Juu ya samaki, bado nimekasirika, na nitakasirika mpaka nipande ndege. Na ule wimbo, ubeti wa tatu unaukosea. Kakufundisha nani?"

"Dadima."

"Dadima gani? Wewe mtoto wa nani?"

Tahira alitazama barabarani. Wanawake wawili walikuwa wanapita na makarai ya mawese kichwani, na Nasoro alikuwa anasukuma toroli lake la mananasi kwenda sokoni, shingo imegeuka huku.

"Wa Karmali," alisema. Akarudia kwa sauti ya kumfikia Nasoro, safari hii kwa Kiswahili. "Mimi mutoto wa Karmali, mwenye duka la vitambaa. Na wa Latifa."

"Basi kaa," akasema Ba, akisogea kumpisha. "Mikate haijisukumi."

Tahira akavua kandambili zake, akaziweka kando ya viatu vya Ba, akakaa.