Ua la Mdimu Ndani ya Kikuba

Jamani, nimekosa, wala sikupotoshwa na mtu. Shetani mwenyewe angekuja angenikuta nimelala.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu wakigombana mikutanoni, hawa Uhuru pamoja na bara, hawa Mwambao ujitenge, mimi nilikuwa uani kwetu Likoni nangoja chai. Shangazi aliyenilea akiniita kuku wa kuatamia. Akisema kilichobaki ni mayai tu.

Kwetu bibi harusi havai kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, mpaka ndani yake, katikati ya asumini na rehani, pawe na ua moja la mchangani. Ni kijiua cheupe cha ardhini, shibiri moja tu, huchomoza baada ya masika katika uwanda wa vichaka vifupi nyuma ya Mtongwe. Chini kina viazi viwili kama pacha. Sharti lake: chuma ua moja, viazi usiviguse.

Kulifuata ilikuwa kazi yangu. Kwa miguu, kwa jua lile!

Basi mwaka mmoja nikajiona nina akili. Nilikuwa nimemaliza skuli, nimesoma habari za mbolea. Nikaenda na jembe, nikayang'oa yote, kumi na moja, nikayapanda kwenye debe mlangoni pa jiko. Nikamwambia Shangazi kuanzia leo maua yatatufuata sisi. Akalitazama debe kitambo, akauliza kule nimebakisha mangapi.

Nikasema mengi.

Nikayapa samadi ya mbuzi, nikayamwagia maji asubuhi na jioni kama wageni wa heshima. Juma la tatu majani yakawa manjano. Nilipochimbua, viazi vilikuwa uji.

Masika yaliyofuata Shangazi akamwoza bintiye wa pekee, ndiye dada yangu, kwa mume wa Unguja. Nilirudi Mtongwe nikazunguka uwanda mzima. Nikakuta vishimo vyangu tu, vimejaa maji ya mvua. Njiani nikapitia kwa jirani, nikachuma ua la mdimu.

Macho ya Shangazi yalikuwa yameanza kuingia ukungu, nami nikayategemea hayo. Nikasahau pua! Alilipokea mbele ya wanawake wote, akalinusa, akalinusa tena. Somo wa bibi harusi, yule mama aliyemfunda, akauliza kama ndilo lenyewe.

"Ndilo," akasema Shangazi, akalitunga ndani ya kikuba.

Baadaye akaniita jikoni, kando ya debe lile.

"Nimekusitiri, baba. Lakini mwanangu nimempeleka kwa watu na ua la uongo. Kamwambie mwenyewe kabla hajasafiri."

"Naam, Shangazi."

Sikwenda. Nyumba aliyofikia bwana harusi, alikopelekwa dada, ilikuwa mtaa wa pili, nami nikaona mbali.

Tangu siku ile Shangazi hakuniita kuku tena. Mpaka anafariki aliniita kwa jina langu, na wallahi jina hilo liliniuma kuliko kofi.

Sasa bendera mpya imepanda, na juzi imekuja barua kutoka Unguja. Dada amejifungua binti. Anasema ua lake la harusi alilikausha, liko sandukuni, atamwonyesha mtoto akikua ajue asili yake.

Enyi mnaosoma, mkitumwa ua moja, chumeni moja. Na mkikosea, semeni siku ileile, maana uongo ukishatiwa sandukuni hurithiwa.

Nawe dada, kama gazeti hili limekufikia, usimwonyeshe. Ni la mdimu wa jirani. Nimekaa nyumbani, nangoja jibu lako.