Mabati ya Mama Mkwe

Nina mama mkwe ninayempenda sana, na kwa miaka mingi sikuwahi kumtazama usoni. Katika ukoo tuliooana nao, hapa Fizi, mwanaume hamkabili mama wa mke wake. Akimwona njiani anachepuka, na akiwa na neno la kumwambia anamtuma mtu wa tatu. Wageni wanacheka wakisikia hivyo. Mimi naiona ni heshima tamu, ila ina usumbufu wake, hasa ukiwa mtumishi wa ofisi ya mji wa Baraka na mama mkwe anauza unga wa muhogo kwenye soko la mji huohuo.

Kazi yangu ni ripoti. Kodi za meza za soko, za mitumbwi inayotoka Ubwari, za pikipiki zinazopanda Misisi, zote zinapita ofisini, na kila mwaka tunawaita wananchi kuwaeleza tulitaka kukusanya nini, tumepata nini, na tumejenga nini. Wenzangu wanaikimbia siku hiyo. Mimi naipenda kupita kiasi, navaa hata koti. Na mwaka ninaousimulia ulikuwa mzuri: makusanyo yalivuka lengo, choo cha soko kilikuwa kimefunguliwa, na taa za barabarani zilikuwa zikiwaka bila kubembelezwa.

Palibaki banda la wauza unga sokoni. Kwenye ripoti niliandika kwamba "linaendelea". Ukweli ni kwamba nguzo zilikuwa zimesimama bila paa, na kunguru walikaa juu kana kwamba ndio waliojengewa. Mabati yalikuwa kwenye mpango, lakini baada ya mitaro, maana yake baada ya mvua. Na mvua moja ya msimu uliotangulia ilikuwa imegeuza unga wa mama mkwe kuwa uji juu ya turubai. Mke wangu aliniambia mama alilia. Kama mvua ingemkuta tena nje, asingekuwa na kitu cha kuuza. Niliumia sana, ila kwa mbali, kama mkwe anavyotakiwa kuumia.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Nilikuwa mbele na mikro ya kupazia sauti mkononi, nimefika kwenye makusanyo, sehemu ninayoipenda, nilipoona kitenge ninachokijua kikiingia mlangoni. Mtu mwenye adabu angetoka. Mimi ningetokea wapi, na mlango ni mmoja? Niligeuka nikaukabili ukuta, nikaendelea kusoma.

Watu walidhani nimepatwa na kizunguzungu. Meya akaja upande wangu. Nikamnong'oneza, "Mukubwa, munisaidie. Ule mama wa kitenge ya njano ni mama mukwe."

Yeye pia ni mkwe wa watu. "Aa! Basi usigeuke. We soma tu."

Nikasoma mpaka mwisho, nikiusomea ukuta ambao haukuwa na swali. Maswali yalikuwa nyuma yangu. La kwanza lilikuwa la sauti ninayoifahamu, lakini halikuelekezwa kwangu.

"Mama jirani," ilisema, "uniulizie ule muntu wa bureau ya mji: mabati ya banda yetu iko wapi? Mvua iko karibu."

Jirani akalirudia kwa nguvu, ingawa ukumbi mzima ulikuwa umeshalisikia. Mimi nikamjibu meya kwa sauti ndogo: pesa ya mabati ipo, ila mitaro ndiyo inayotangulia. Naye akageukia watu.

"Mama, banasema pesa ya mabati iko, ila mitaro njo inapita kwanza!"

Kisha sauti ileile: "Mama jirani, uniulizie tena: mutaro inakulaka unga?"

Ukumbi uliangua kicheko. Hata mabega yangu yalitikisika, na ukuta ni shahidi. Meya alianza kunipelekea swali, akaliachia katikati. Anayepanga kipi kitangulie ni yeye, wala si mimi.

"Sasa nimujibu nini?" akaninong'oneza.

"Mukubwa, mi ni mukwe tu."

Nilimsikia akikohoa. "Mama, banasema..." Akacheka mwenyewe. "Hapana. Ni mi njo ninasema. Mabati itapanda mbele ya mvua."

Akinamama wa unga walipiga vigelegele mpaka mikro ikalia. Sisi wa Baraka tunapenda kusema haraka haraka haina baraka, hasa tukiwa tumechelewa, lakini ahadi ni deni, na hii ilikuwa imetolewa mbele ya soko zima. Mafundi walipanda juu ya nguzo, kunguru wakahama wakilalamika. Msumari wa mwisho ulipopigwa, mawingu yalikuwa yameshajikusanya juu ya ziwa.

Mvua ilinikuta sokoni nikikagua. Kila mtu alikimbilia chini ya banda, na mimi nilikimbia nao, kisha nikasimama ghafla. Mama mkwe alikuwa mle ndani, amekaa kati ya magunia yake. Nikabaki nje kwenye matone, mgongo nimewageuzia, shati limenigandia mwilini. Ripoti mpya nilikuwa nimeshaiandika kichwani, na ilisema banda limekamilika. Nilifurahi kweli, huku nikilowa.

"Mukwe."

Nilingoja jirani arudie. Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa kelele, na sauti ile ikapanda juu yake, ikija moja kwa moja kwangu, kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake.

"Mukwe, ingia. Hii mabati ni ya batu bote."

Niliingia. Nilisimama kando ya magunia, macho yangu chini, nikaona miguu yake mikavu na unga mkavu. Akasogeza gunia moja kidogo ili nipate nafasi.