Neno Basi

Mjomba wangu aliendesha winchi miaka kumi na tisa katika klabu ya ndege zisizo na injini. Ndege ilifungwa kwenye waya mrefu, naye, akiwa kwenye ncha ya pili ya uwanja, kilomita nzima kutoka kwa rubani, aliuvuta waya kwa mashine mpaka ndege ikapaa. Kwa kujisifu hakuwa na mpinzani. Alituambia hata kunguru wangempangia foleni awarushe.

Shemeji yake ndiye aliyeshika bawa lisiguse nyasi, redio mkononi. Kanuni ilikuwa maneno mawili tu: "vuta" na "simama". Lakini hawa wawili walizoeana mno, wakawa wanapiga soga redioni kutwa. Siku hiyo ndege ilipoanza kutambaa, bawa lilimponyoka shemeji, likalala nyasini.

"Basi," alisema redioni. "Basi, basi."

Mjomba akalichukua kama "haya basi, twende". Akaongeza mafuta. Ndege ikajizungusha kwenye bawa lile, ikapinduka, na rubani, mwalimu wa hesabu aliyependa utani, akafa palepale.

Wachunguzi walipomuuliza, mjomba alisema redio ilikuwa kimya. Shemeji alisema alitamka basi, hakuaminiwa; akaonekana ndiye aliyezubaa, akafukuzwa klabuni. Ukweli mjomba aliniambia mimi peke yangu, jikoni, macho yake kwenye sufuria. Nampenda, lakini nilimwonea aibu, nikamjibu bila adabu kwamba mimi siye wa kuambiwa.

Jumapili moja shemeji alikuja kumwona dada yake, mke wa mjomba. Mjomba akammiminia chai. Kikombe kikakaribia kujaa. Shemeji alikifunika kwa kiganja, chai ikamwunguza. Sote tulijua ni neno gani alilolikwepa. Mjomba akaweka birika chini, uso umemshuka.

"Shemeji, siku ile ulisema basi. Nilikusikia."

Shemeji alijifuta kiganja kwenye suruali, polepole.

"Miaka miwili," alisema, "najiuliza kama kweli nilifungua mdomo."

Mjomba akalia mbele yetu, mtu mzima na mvi zake. Shemeji hakumbembeleza. Alisubiri mpaka aliponyamaza, akachukua kofia yake.

"Basi twende ukawaambie klabuni."

Mjomba akainama kutafuta viatu vyake.