Kibuyu cha Naisenya

Mimi Supeet wa Endulen, hata ng'ombe wangu wananijua kwa kucheua. Mnacheka? Chekeni. Miaka minne kiungulia kilinichoma kifuani, na nikiinama kufunga ndama, uchachu unapanda mpaka kooni. Nililamba magadi, nikanusa ugoro, nikasema ni uzee tu.

Niliposhindwa nikaenda kwa daktari, naye akaniambia mambo mepesi mno hadi nikamkasirikia. Kula kidogo kidogo. Nyama ya mafuta punguza. Chai kali na ugoro acha. Usilale na shibe, ngoja kama masaa matatu. Inua kitanda upande wa kichwani. "Na mkanda huo, mzee wangu, ulegeze." Ndivyo anavyoambiwa mwanamume wa rika langu? Mke wangu Naisenya nilimwambia nimepewa vidonge, basi. Niliona aibu kuwa mzee anayechagua chakula kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

Ikafika harusi ya binti yetu Resiato. Kwetu baba humuaga binti kwa maziwa: anapiga funda, anamtemea kichwani, ndiyo baraka yake ya safari. Jioni ya kuamkia siku hiyo tulichinja kondoo, mafuta yakayeyushwa, kikombe kikanifikia. Ningekataaje? Moloimet, tuliyetahiriwa naye siku moja, alikuwa ananitazama. Nikanywa mafuta, nikala mbavu, nikajitupa kitandani chali.

Asubuhi Resiato alisimama mbele yangu, kichwa kimenyolewa, kinang'aa kwa mafuta na udongo mwekundu. Naisenya akanipa kibuyu. Nikapiga funda, nikainama, na kilichotoka hakikuwa maziwa peke yake. Kondoo wa jana alimwagika kwenye kichwa cha mwanangu.

Lo! Na mimi, badala ya kusema naumwa, nikapaza sauti: "Naisenya! Kibuyu gani hiki? Hukukiosha?"

Hata sasa nikilisema natamani ardhi ipasuke inimeze. Kwa mwanamke wa kwetu, kibuyu ndiyo heshima yake. Kila siku anakisugua ndani kwa kijinga cha moto cha mzeituni pori mpaka kinukie. Mwambie hajui kupika, atakucheka. Mwambie kibuyu chake kinanuka, umemvua nguo hadharani. Naisenya alinitazama, akainamisha kichwa. Moloimet akambariki binti yangu kwa maziwa ya boma jingine. Resiato akaenda. Bibi harusi wetu haruhusiwi kugeuka nyuma, na siku hiyo nilishukuru hageuki.

Tangu hapo kila mgeni aliyepita kwetu alikuwa ameshiba. Wote! Wakipewa maziwa, "Asante mama, tumetoka kunywa." Naisenya akawa anasugua vibuyu mara mbili kwa siku. Ile sauti ya kusugua ilinichoma kuliko kiungulia.

Nikayafuata masharti yote kwa hasira, kama mtu anayejichapa. Mawe mawili chini ya kitanda, upande wa kichwani. Chakula kabla jua halijazama, kidogo, kisha natembea kuzunguka zizi badala ya kujilaza. Kondoo akichinjwa, mafuta nayapisha. Ugoro nikampa Moloimet, akashangaa, nikamwambia chukua na uniache. Baada ya miezi michache kifua kilitulia. Tumbo likapona, mdomo ndio ukabaki mgonjwa. Kila siku nasema kesho nitawaambia.

Mwezi uliopita Resiato alikuja na mtoto wake wa kwanza apewe baraka. Wazee wale wale wakakusanyika. Nikanyoosha mkono nipokee kibuyu. Naisenya akanipita, akampelekea Moloimet.

"Nusa kwanza, shemeji," akamwambia.

Moloimet akanusa. Naisenya akampa wa pili, wa tatu, mmoja mmoja, mbele ya binti yake. Aliponifikia mimi, nilishindwa.

"Kilikuwa kisafi," nikasema. "Hata siku ile. Uchafu ulitoka tumboni mwangu. Nilikatazwa mafuta, nikayanywa kwa kuwaogopa ninyi, kisha nikamsingizia mke wangu."

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Naisenya alijifuta macho kwa ncha ya shuka.

"Mwaka mzima, Baba Resiato," akasema. "Mwaka mzima unanisikia nasugua."