Mbuzi Aliyeganda Kwenye Kioo

Saa tatu asubuhi, bati limeshaanza kuchoma. Mama Kofia ameketi juu kabisa ya karakana ya seremala, mguu mmoja huku na mwingine kule, kama mtu aliyepanda punda. Mdomoni amebana misumari minne. Anachomoa mmoja, anaupiga nyundo mara tatu, anachomoa mwingine. Kisha anafanya jambo ambalo mafundi wenzake wakiliona huacha kazi wakabaki kumkodolea macho. Anaweka nyundo pembeni, anaushika mgongo wa paa kwa mikono miwili, anainua uso na kutazama mawingu.

Anahesabu kimoyomoyo. Midomo inacheza, vidole vinazidi kubana bati, kijasho chembamba kinamtoka.

"Saba," anasema akishusha uso na kuhema. "Juzi niliishia nne."

Chini, shemeji yake, mdogo wa mumewe ambaye humshikia ngazi na kumvutia mabati kwa kamba, anaangua kicheko. "Shem, mbingu haziendi popote! Piga misumari tumalize."

Mama huyu ana miaka 46, na kumi na tisa kati ya hiyo ameila juu ya mapaa ya watu. Wamemwita Mama Kofia kwa sababu lile bati la mwisho, linalofunika mgongo wa paa na ambalo mafundi huliita kofia, hamwachii mtu mwingine alipigilie. Paa likivuja, anasema, lawama ni zake, basi na msumari uwe wake.

Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kutazama juu akiwa kazini. Hata mara moja.

"Ndiyo kanuni ya kwanza niliyofundishwa," anaeleza. "Ukiwa juu ya paa, macho yako ni ya mguu na mkono. Ukitazama mawingu yanavyotembea, utaona nyumba ndiyo inayotembea. Utajishika, na pa kujishika hapapo. Nimeona mtu mzima akianguka hivyo hivyo, anga jeupe, hakuna hata upepo."

Kanuni hiyo imemfikisha salama hadi leo. Ndiyo hiyo hiyo iliyokaribia kumtia kwenye balaa ambalo, hata anapolisimulia, sauti yake inakatika katikati ya neno.

Yote yalianza na droni. Mwaka juzi alimwezekea nyumba mpiga picha wa harusi, na katika malipo yake akachukua droni ndogo iliyokwishatumika, yenye mapanga manne yanayozunguka kama feni na ukubwa wa sahani ya kulia. Unapachika simu kwenye rimoti, unafungua programu yake, na kwenye kioo cha simu unaona kila inachokiona droni.

"Watu wanadhani nakagulia mapaa. Wala! Kazi yangu ni nyundo. Ile ni ya roho yangu," anasema. "Wenzangu mchana wanalala, mimi narusha."

Na alikuwa akirusha akiwa juu ya paa, ambako hakuna vumbi wala mikono ya watoto. Macho yake yalikuwa kwenye kioo tu. Ilivyokuwa ikipaa juu ya kichwa chake, ilivyokuwa ikipinda, yote aliyajua kwa picha. Kwenye mwaka na nusu wa kuichezea, anakiri, hakuwahi kuitazama kwa macho yake ikiwa hewani.

Wiki tatu zilizopita, adhuhuri, aliirusha kutoka paa hili hili. Ng'ambo ya barabara kuna uwanja wa mpira, na jirani na uwanja kuna zahanati. Ilikuwa siku ya kupima watoto uzito. Akina mama sitini na kitu walikuwa wamejaa uani, chini ya turubai kubwa la kivuli lililofungwa kwa kamba kwenye nguzo sita.

Uwanjani hapakuwa na mtu. Palikuwa na mbuzi mweupe tu, amesimama mbele ya goli kama kipa.

"Nikasema ngoja nimwone kwa karibu," anasimulia. "Nikasukuma kijiti cha rimoti kwenda mbele, nikashusha kidogo. Mbuzi haongezeki. Nikasukuma tena, nikashusha tena. Mbuzi yule yule, ukubwa ule ule, hata sikio halitikisi. Nikamwambia shemeji, huyu mbuzi kaumbwa kwa jiwe?"

Shemeji alikuwa juu ya ngazi, kichwa kimechomoza kwenye ukingo wa paa, anakula karanga.

"Labda kafa wima," alimjibu.

Wakacheka wote wawili. Mama Kofia akasukuma tena.

Shemeji ndiye aliyegeuka kutazama uwanja wenyewe. Anasema karanga zilimwishia utamu mdomoni.

"Shem," aliita. "Mbuzi wako anavutwa kwa kamba kule barabarani."

"Yupo hapa, namwona."

"Shem, nakwambia mbuzi kaondoka na mwenyewe!"

Mama Kofia akaangalia kioo. Mbuzi alikuwa golini. Akaangalia barabara. Mbuzi alikuwa anaburuzwa na mzee mmoja, anagoma, miguu ya mbele imekita chini.

Programu ilikuwa imeganda. Haikuzima, haikutoa onyo, haikuandika neno. Ilibaki imeonyesha picha ya mwisho, safi, yenye rangi zake, na fundi mwenye miaka kumi na tisa ya kazi akaendelea kuisukumia droni kwenye picha iliyokwishapita. Kila alipoona haisogei alisukuma zaidi, na droni ilikuwa inatii kila mara.

"Nilijiuliza swali moja tu: kama mbuzi hayupo pale, hiki kitu changu kiko wapi?"

Jibu lilitoka zahanati. Zilikuwa shangwe. Vigelegele, makofi, vicheko vya wanawake.

Ikambidi ainue uso. Anga likamzunguka, paa likainama, akajibwaga kwa makalio juu ya bati na kubana mgongo wa paa kwa magoti. Ndipo alipoiona, doa jeusi la ukubwa wa njiwa, chini sana, linaingia taratibu chini ya turubai. Na akina mama waliokuwa ukingoni mwa turubai walikuwa wamesimama juu ya mabenchi.

Walikuwa wanawainua watoto wao kuielekea.

"Walidhani inawapiga picha," anasema Mama Kofia. Anafuta uso kwa kiganja, anajipaka kutu shavuni bila kujua. "Watoto wa miezi mitatu, miezi minne. Wamewashika hivi, kwapani, wanawapandisha juu. Na yale mapanga yanazunguka. Yanakata kidole cha mtu mzima, mimi nina kovu."

Akaviachia vijiti vyote viwili. Hiyo peke yake, anasema, ilimgharimu nguvu kuliko kubeba bati, kwa kuwa mikono ilitaka kufanya kitu. Droni ikiachiwa husimama hapo hapo hewani. Ikasimama, lakini sasa ilikuwa ndani ya kivuli cha turubai na yeye haioni tena.

Akaifunga programu, akaifungua upya. Kioo kikang'aa bluu, kikamwandikia: Karibu! Chagua lugha yako.

"Nilitaka kuitafuna ile simu."

Kwenye rimoti kulikuwa na kitufe cha kuirudisha nyumbani. Kidole kilishafika juu yake akakumbuka: ukikibonyeza, droni hupanda kwanza ndipo igeuke. Ingepanda, igonge turubai, iangukie vichwa. Na kuiinua kwa kijiti kungekuwa yale yale. Akiwa anawaza hivyo, rimoti ikaanza kulia, pi, pi, pi. Betri ilikuwa inaisha. Ikiisha, droni hujishusha yenyewe popote ilipo.

Hakuhitaji kumwagiza shemeji. Alikuwa ameshateleza ngazi nzima kama moto unamfukuza, akavuka barabara na karanga zikimwagika mfukoni.

Wawili hawa wana lugha yao. Bati likipandishwa kwa kamba, aliye juu haoni ncha ya chini, na upepo humeza maneno, kwa hiyo huongea kwa mikono. Ngumi ni simama. Kiganja kifuani ni rudisha kwako. Mkono ukinyooshwa pembeni, bati linasogezwa upande huo. Wameipandisha hivyo mizigo elfu, na hawajawahi kumwangushia mtu hata kipande.

Shemeji akasimama nje ya turubai, mahali ambapo Mama Kofia angeweza kumwona, akakunja ngumi na kuiinua.

"Imeingia kwa pua, sikuwa nimeizungusha, kwa hiyo itatoka kwa mkia. Hilo nililijua," anasema Mama Kofia. "Nilichokuwa sijui ni nani yuko nyuma yake."

Nyuma yake walikuwa wamejaa tele. Akina mama walikuwa wameizunguka, kila mmoja anataka mwanawe aonekane.

"Tokeni! Tokeni hapo, inakata!" shemeji alipiga kelele.

"Wewe kaka vipi, mbona unatuharibia?" mmoja akamjibu. "Subiri na wewe upigwe picha!"

Muuguzi, mama wa makamo aliyekuwa kwenye mizani, alitoka na daftari mkononi tayari kumfukuza. Anakiri hivyo mwenyewe. "Nilijua ni mlevi. Anarusha mikono, jasho linamtoka, anaongea na paa la watu. Halafu nikamtazama machoni. Mlevi hana macho yale. Nikatazama yale mapanga, nikamtazama mtoto aliyekuwa karibu nayo."

Hakueleza kitu. Alitumia sauti ile ile anayoitumia kila wiki foleni ikivurugika: "Akina mama! Chini wote! Watoto mapajani!"

Wakakaa. Sitini na kitu, kwa pamoja, kwenye mabenchi na sakafuni, bila swali.

Shemeji akaweka kiganja kifuani. Mama Kofia akavuta kijiti kama anayevuta uzi kwenye tundu la sindano. Ngumi. Akaachia. Mkono wa kushoto ukanyooka. Akagusa kushoto. Ngumi. Kiganja kifuani, tena, tena. Rimoti ikaacha kulia vipande vipande, ikawa mlio mmoja mrefu.

Droni ikachomoza kwenye jua. Akaipandisha kwa nguvu zake zote. Ilipanda kimo cha mlango, ikasita, ikaanza kushuka yenyewe. Akaipeleka pembeni kwa kadiri ilivyokubali, ikatumbukia kwenye lundo la mchanga nje ya ukuta wa zahanati. Panga moja lilivunjika. Hakuna aliyeguswa.

Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, Mama Kofia alishindwa kushuka ngazi. Shemeji alipanda, akamshika miguu na kumwekea unyayo mmoja mmoja kwenye kila kipandio.

Alivuka barabara kwenda kuomba radhi, akakuta wanamngoja kwa furaha.

"Mama, picha zetu ziko wapi?" aliuliza mama mmoja, bado msichana, mtoto begani. Ndiye aliyekuwa amemwinua wake juu kuliko wote.

Mama Kofia angeweza kucheka naye na kuondoka. Badala yake aliwaambia yote: mbuzi, kioo, vijiti alivyokuwa akivisukuma.

"Kwa hiyo ilikuwa haituoni?" msichana yule akauliza.

"Mimi ndiye niliyekuwa siwaoni, mwanangu."

Msichana akamshusha mtoto begani, akamkagua vidole vya mikono, kimoja kimoja, kisha vya miguu.

Jioni, nyumbani, Mama Kofia aligundua lingine. Simu iliganda, ila kadi ya kumbukumbu iliyo tumboni mwa droni ilikuwa imerekodi yote. Alikaa na mumewe, fundi viatu, wakatazama. Mbuzi anapita chini. Uzio unapita. Kisha nyuso zinakuja, zinacheka, zinakua, mikono inainuka, na mtoto mmoja anajaza kioo kizima, mdomo wazi, fizi bila jino, anaunyoshea mkono ule mvumo. Kipande hicho kina sekunde arobaini na moja. Kati ya ncha ya vidole na mapanga, anasema Mama Kofia, isingepita nyundo yake ikiwa imelazwa.

"Mume wangu ana maneno kuliko redio. Siku ile aliinuka tu akaenda kufunga mlango. Na mlango ulikuwa umefungwa."

Aliwaandikia waliotengeneza programu. Walimjibu kwa sentensi moja ya kumshukuru kwa maoni yake.

Droni bado anayo. Amebadilisha panga, ila hajairusha. Kwanza, anasema, lazima awe na shingo inayoweza kutazama juu, na ndiyo sababu ya kuhesabu mawingu kila asubuhi. Akifika thelathini ataenda nayo shamba tupu, asimame ardhini, simu ikiwa imelazwa kifudifudi, na shemeji akiwa upande wa pili na mikono yake. Kisha anataka kuwaonyesha zile sekunde wenzake wanne anaojua wanarusha kama yeye, ili waone mbuzi wa kwenye kioo aliyekuwa akimwamini alimfikisha wapi.

Kuna jambo moja linamtatiza, na analisema kwa kusitasita. Ile picha ya mtoto ni nzuri. Mwanga umempiga ubavuni, macho yanang'aa, hakuna mpiga picha wa harusi aliyewahi kuipata kama hiyo. Muuguzi amemwambia kwamba msichana yule, mama wa mtoto huyo, bado anaulizia picha.

Ameshaichapisha. Iko ndani ya bahasha ya kaki, kwenye mfuko wake wa misumari, na siku ya kupima watoto ni kesho.

"Sijui ataipokea au atanirushia usoni," anasema Mama Kofia, akichukua nyundo. "Vyovyote atakavyofanya, nitamwendea kwa miguu, nisimame mbele yake, nimtazame."