Udi wa Mjomba na Spika ya Dirishani

Katika mji wa Ibra, huko Omani, miaka ile ya sabini, ukijua kutengeneza redio basi wewe ni fundi wa kila kitu. Ndivyo nilivyokabidhiwa sauti ya harusi ya binti wa mjomba wangu. Nilikuwa na mikrofoni moja, amplifaya, spika mbili na majivuno yasiyo kipimo.

Mjomba alikuwa mpiga udi. Tangu atoke Unguja alipiga nyumbani tu, lakini binti yake akiwa bado mdogo alimuahidi kwamba siku ya harusi atampigia mwenyewe. Sisi wanaume tulikaa uani, pamoja na mzee wa fidla na mpiga ngoma ya dumbaki waliomsindikiza mjomba. Bibi harusi alikuwa ndani na wanawake, wa kwetu na wa kwa mume waliotoka mji wa Mudhaibi, na spika moja niliwapitishia dirishani. Kabla ya magharibi angepakiwa garini, aondoke.

Wimbo wa kwanza ulipokwisha, dada yangu akaniita dirishani.

"Bibi harusi anauliza, baba yake kaja mwenyewe au kamtuma mpiga dumbaki?"

Nikaongeza sauti. Spika ikapiga ukelele, paka akaruka ukuta, na mzee wa fidla akasoma audhubillahi. Nikaipunguza, udi ukazama tena. Mpiga dumbaki, pande la mtu, alikuwa amekaa ubavuni mwa mikrofoni akiimeza yote peke yake. Wimbo uliobaki ulikuwa mmoja.

Mficha uchi hazai. Nikamwendea mzee wa fidla, nikakiri kwamba nimeshindwa.

"Mwanangu," akasema, "sisi zamani hatukuwa na mashine hizo, na udi ukisikika. Mwenye kishindo hukaa nyuma, mwenye sauti ndogo hukaa mbele. Wewe umeipa mashine kazi ya kupanga watu mkekani."

Niliona haya, lakini nilitii. Dumbaki nikalisogeza hadi ukutani, nalo likanung'unika kwa kinywa cha mwenyewe. Mjomba nikamweka mbele kabisa. Mikrofoni nikaifunga kwa kilemba changu kwenye kigoda, karibu na tumbo la udi, na spika ya uani nikaizima, isije ikapiga kelele tena. Halafu nikakimbilia dirishani kusikiliza.

Mjomba hakuanza kupiga. Aliinama kukaza nyuzi, akamnong'oneza mzee wa fidla, na mnong'ono ule ukatokea ndani kwa wanawake, safi, kama kakaa nao mkekani:

"Sahibu yangu, vidole havinitii leo. Mtoto huyu akishatoka, nyumba ile nitarudi kufanya nini?"

Mama mkwe, asiyejua Kiswahili hata neno, akauliza kwa Kiarabu mzee anasema nini. Nikamsikia bibi harusi akimjibu kwa Kiarabu, sauti imelowa machozi:

"Anajaribu mikrofoni, mama."

Kisha akasogea dirishani, akaniambia kwa Kiswahili, polepole, "Mwambie baba tunamsikia."

Nikarudi uani. Mjomba akaninyanyulia macho.

"Je, udi unasikika huko?"

"Kila kitu kinasikika, mjomba," nikamwambia, naye akaridhika, akaanza kupiga.